Somo: Mbunge Humhoji Waziri, Hamwamuru Polisi

Ndugu msomaji, raia humchagua mbunge. Hamchagui polisi, wala karani wa wizara. Basi asiyechaguliwa na raia atawajibikaje kwao?

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka vyombo vya usalama vya Burundi virekebishwe. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2004 ikaunda Polisi ya Taifa, ikaunganisha ndani yake jandarmeri, iliyokuwa sehemu ya jeshi, na vikosi vingine vya polisi. Kisha Katiba ya 2005 ikaweka nguzo mbili. Ya kwanza: vyombo vya usalama vitoe hesabu ya matendo yao kwa uwazi, na kamati za Bunge zivisimamie. Ya pili: askari asiwe mwanachama wa chama cha siasa, wala asikipendelee chama chochote kazini.

Wengine huziona nguzo hizo kuwa zinapingana. La hasha. Aliyechaguliwa husimamia kwa njia tatu zilizo wazi: hutunga sheria, hupitisha bajeti, na humwita waziri Kigobe ajibu maswali. Kupiga simu kituoni si mojawapo ya njia hizo.

Tuseme pikipiki ya kijana wa Kinama imezuiliwa kituoni, naye hakupewa karatasi yoyote. Mbunge akipiga simu ili iachiwe, amesaidika kijana mmoja. Asiye na mjomba Bungeni atabaki akisubiri mlangoni. Tena polisi amejifunza kuogopa jina la mtu badala ya kuheshimu sheria. Lakini mbunge akimwuliza waziri mbele ya wenzake, "Ni kwa sheria gani mali ya raia huzuiliwa bila hati?", jibu litawafaa madereva wote, na polisi mwenyewe atajua mipaka ya kazi yake.

Raia anayo njia nyingine pia: Ombudsman, ambaye huteuliwa na Bunge na hupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa serikali.

Kwa hiyo, ndugu raia, mpelekee mbunge wako swali, usimwombe upendeleo. Nawe ndugu polisi, anayekuuliza kwa njia ya sheria si adui yako. Anakukinga na yule anayekuamuru nje ya sheria.

Maswali ya kujadiliana mtaani:
1. Kumhoji mtumishi na kumwamuru hutofautianaje?
2. Ni lipi katika mtaa wetu linalostahili kufikishwa Bungeni?