Kutembelea mashamba ya mingazi ya wenzetu

Ninyi wenye mingazi, sikieni vema. Fundisho hili halisemi juu ya kupanda wala juu ya kupalilia. Linasema juu ya kutembea: namna ya kuingia katika shamba la mwenzako, kutazama mingazi yake, na kutoka na akili katika kichwa, si na mbegu tu katika mufuko.

Katika njia ya Kalima na Pangi tuko watu 7 tunaopenda mingazi. Mara moja kwa mwezi, siku isiyo ya kazi, tunakwenda wote kwa mumoja wetu. Tunatembea kati ya miti yake, tunauliza, tunabishana, tunakula kwake, tunarudi. Wachimbaji wa kasiteriti wanatucheka. Wanasema, "Jiwe linalipa leo, mungazi utalipa lini?" Lakini jioni hao hao wanatuma watoto wao na chupa kutafuta mawese.

Mwaka huu tuliona mambo katika mashamba matatu, na la tatu karibu livunje ukoo mumoja. Nitayaeleza kama tulivyoyaona.

Shamba la kwanza ni la muzee aliyekuwa fundi wa mashini kwenye machimbo. Yeye hapandi kwa ajili ya mawese tu. Anataka kuwa na kila muti wa ukoo wa mungazi, kama vile mutu mwingine anavyotaka kuwa na kila namna ya kuku. Chini, karibu na kijito, iko mibondo. Kando ya nyumba uko munazi alioleta akiwa na jani moja. Penye muchanga iko mikindu, ile ambayo wanawake wanasuka majani yake. Nyuma ya jiko ameacha kamba moja ya pori yenye miiba, ile tunayofumia viti, ipande juu ya muti. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Moniteri, tazama jani lake. Si ndugu wa mungazi?" Ni kweli, ni ndugu.

Muke wake hapendi miiba ile.

Muzee huyu alitufundisha neno moja ambalo mimi sikulifikiri shuleni. Alisema: ndugu hawa hawazai kwa namna moja. Mubondo unazaa mara moja tu katika maisha yake. Matunda yakiisha kukomaa, shina linakufa. Mukindu una muti dume na muti jike, na muti dume hauzai hata mukiungoja miaka mia. Mungazi una vyote viwili katika shina moja: unatoa maua dume kwa muda, halafu unatoa maua jike kwa muda, halafu tena dume. Basi maua jike ya mungazi wako yakifunguka, mara nyingi maua dume ya muti ule ule hayako. Unga unatoka kwa mungazi mwingine. Nani anauleta? Tazameni ua dume asubuhi lenye harufu tamu: vidudu vidogo vinatembea juu yake kama watu wa soko. Mpaka karibu na mwaka 1980 hata wengi wenye elimu walidhani ni upepo. Sasa inajulikana kwamba vidudu hivyo ndivyo vinavyobeba unga, na mwaka 1981 vilipelekwa kutoka Afrika mpaka Malaysia, kwa sababu huko mingazi ilipandwa bila vidudu vyake na watu walihangaika kuitia unga kwa mikono.

Shikeni neno hili: mama wa ngazi munamwona, baba yake hamumwoni.

Shamba la pili ni la mama mujane. Yeye hana muti wa urembo hata mumoja. Mingazi yake imesimama mita 9 kila mumoja na mwenzake, kwa pembe tatu, na hivyo hektari moja inashika miti 143. Chini ya kila muti amesafisha duara, ili ngazi zikidondoka azione mara moja. Kwake ngazi tano au sita chini ya muti ndizo zinazosema mukungu umeiva. Hapandishi mutu juu kwa kubahatisha. Mikungu ikishuka, haikai kwake siku nyingi. Ngazi iliyopondeka ikingoja, mafuta yake yanakuwa makali, na mununuzi wa kambi anajua kuonja.

Pale ndipo tulipojifunza kukata ngazi. Wageni wengi wanasimama chini ya mungazi, wanatazama juu, wanasifu: "Huu ni muzuri, ngazi ni nyekundu!" Wekundu hauwajulishi kitu. Chukueni ngazi iliyoiva, ilazeni juu ya gogo, ikateni katikati kwa mupanga mukali, pigo moja, pamoja na mbegu yake. Kisha tazameni ndani. Katika mingazi mingi iliyoota yenyewe porini, mutaona nyama kidogo na ganda nene, tangu milimetri 2 mpaka 8. Wenye elimu wanauita muti huo dura. Katika mingine mutaona nyama nyingi na ganda jembamba, pengine nusu ya milimetri tu. Huo ni tenera. Ganda likiwadanganya kwa unene wake, tafuteni pete ya nyuzi nyeusi ndani ya nyama, kuzunguka ganda. Pete iko, ni tenera. Pete haiko, ni dura.

Mama huyu ana miti 4 tu ya tenera, na kila mumoja ameufunga kitambaa. Hampi mutu mbegu bila kusema ni ya muti gani. Tena alitukataza kuondoka kabla ya kukung'uta udongo wa miguu na wa mapanga. Ana haki. Uko ugonjwa wa mingazi unaokaa katika udongo: majani ya chini yanakauka, yanavunjika, yananing'inia kando ya shina kama nguo mbovu. Mukiona mungazi wa namna hiyo kwa mwenzenu, musichukue kitu pale, wala mbegu, wala muche, na mumwambie mwenyewe kwa upole.

Sasa shamba la tatu.

Kijana mumoja wa kwetu alichimba kasiteriti miaka 4, akaweka franka zake katika robo ya hektari. Mujomba wake alikuwa na shamba zuri sana. Alilipanda kwa mbegu za kituo, na miti yake yote ilikuwa tenera, hakuna dura hata mumoja, tena shamba liko mbali na mingazi mingine. Kijana akaomba mbegu. Mujomba akamupa mikungu miwili ya muti wake bora, hakutaka hata kuku. Kijana akaotesha, akapanda miche 36, akangoja.

Miaka 6 imepita. Tulipofika kwake, sote tulikwenda kwanza kwenye miti 8 iliyokuwa minene kuliko yote, yenye majani mengi, kijani sana. Mimi nami niliisifu. Kijana hakucheka. Alisema, "Hiyo ndiyo isiyozaa." Kweli, mikungu ilikuwa imeanza, midogo, mingi, kisha imeoza yote kabla ya kuiva. Tulikata ngazi za miti mingine: 17 zilikuwa za ganda jembamba, 11 za ganda nene kama za porini.

Basi kijana akatoa lililokuwa katika moyo. "Mujomba alinipa mbegu kwa mukono mumoja, akazifunga kwa mukono mwingine. Aliona wivu juu ya franka zangu." Mama yake alikuwa ameacha kwenda kwa ndugu yake tangu mavuno yaliyopita. Mugini mzima ulikuwa umejua habari hii, ila sisi wapenda mingazi, maana tunatazama miti tu.

Nilimwomba atume mutu kumwita mujomba. Alikuja, akaketi mbali. Nilisema mbele yao jambo hili, na ninaliandika hapa kwa sababu najua liko na mahali pengine.

Huko Yangambi, kando ya muto Congo, chini ya Kisangani, kilikuwako kituo kikubwa cha kilimo cha INEAC, kilichoanzishwa mwaka 1933. Wataalamu wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walifuata uzazi wa mingazi pale, na mwaka 1941 wakaandika walichokiona. Iko namna ya tatu ya mungazi, inayoitwa pisifera. Ngazi yake haina ganda kabisa, na mara nyingi mikungu yake inaoza bila kuiva. Mukichanganya dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Lakini mukichanganya tenera na tenera, watoto hawawi tenera wote. Katika watoto 4, kwa kawaida 1 ni dura, 2 ni tenera, na 1 ni pisifera asiyezaa.

Kijana akasema, "Hayo ni maneno ya kitabu." Basi niliomba vikapu viwili. Katika kila kimoja nilitia mahindi mia na maharagwe mia, nikachanganya. Nikasema: hindi ni neno la "ganda", haragwe ni neno la "hapana ganda". Tenera ana yote mawili, ndiyo sababu ganda lake ni jembamba. Kikapu hiki ni mama, hiki ni baba. Kila mutoto anapata neno moja kwa mama na moja kwa baba, wala hachagui. Mujomba akashika kikapu kimoja, kijana kingine, wamefunga macho. Kila mumoja akatoa punje moja, tukaandika, wakarudisha. Mara 36, kama miche ile. Mahindi mawili pamoja yalitoka mara 7. Hindi na haragwe mara 19. Maharagwe mawili mara 10.

"Tazama," mujomba alisema, "hapa nimekufungia 10. Katika shamba 8 tu." Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akaomba turudie. Tulirudia. Hesabu haikuwa ile ile, lakini maharagwe mawili yalitoka tena.

Sasa, ninyi musomao, kosa lilikuwa wapi? Kijana alichagua muti bora. Alikata ngazi, akaona ganda jembamba. Yote vema. Lakini ganda la ngazi linafuata muti ulioizaa. Halionyeshi unga uliotoka wapi. Katika shamba la tenera peke yake, baba naye ni tenera, na robo ya watoto inapotea. Kama angechukua mbegu za dura, angekuwa na ganda nene, lakini miti inayozaa. Na mbegu alizopata mujomba zamani zilikuwa za namna nyingine: kituoni wanavika ua jike la dura mufuko kabla halijafunguka, ili kidudu kisiingie, halafu wanatia unga wa pisifera. Ile mbegu inapandwa mara moja. Ngazi zake ni za kukamua. Musizigeuze kuwa mbegu. Mukitaka kupanda tena, mwulizeni agronomu wa teritwari mbegu za kituo, na mumwulize pia mama na baba yake ni nani. Muchuuzi anayejibu "ni tenera nzuri" tu, mumwache apite.

Musichukue pia miche iliyoota yenyewe chini ya mungazi wa mwenzenu, hata akiwapa bure. Na ndugu zetu walio Lubumbashi wasituombe mbegu: mji ule uko juu karibu mita 1200, kiangazi chake ni kirefu na baridi, na mungazi unataka mvua karibu kila mwezi.

Kijana aliangusha miti 7 kati ya ile 8. Tulisaidia. Ilitoa pombe nyingi, na baada ya majuma machache mashina yalitoa funza wanene, mama yake akapeleka sahani moja kwa ndugu yake. Muti wa nane umebaki karibu na njia. Kijana anasema ni mvivu wa kuukata; mimi nadhani anaupenda.

Mwezi ujao tunakwenda kwa mama mujane tena, kwa maana tenera wake mumoja umeanza kutoa maua dume tu na anataka tuutazame. Kila mutu alete mupanga wake ulionolewa. Ule wa mara iliyopita ulikuwa butu, ukaponda ngazi badala ya kuikata.