Kupima Bahari Kabla ya Kutweka Tanga

Kwa wakazi wa kata za pwani wanaovua au kusafiri kwa ngalawa na mashua, usalama wa safari huamuliwa ufukoni, kabla chombo hakijasukumwa majini. Mambo matatu hupimwa.

Kwanza ni utabiri wa bahari unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, unaoeleza upepo na kimo cha mawimbi. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, chombo kidogo hakitoki.

Pili ni maji. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa na bamvua. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi mita 3. Mkondo hukaza zaidi katikati ya kupwa, yapata muda wa saa 3 tangu maji yalipojaa.

Tatu ni upepo ukilinganishwa na mkondo. Msimu wa Kusi, upepo huvuma kutoka baharini, ilhali maji yanayopwa katika mlango wa mto, kama ule wa Pangani, huelekea baharini. Viwili hivyo vinapokabiliana, mawimbi husimama wima, hukaribiana na kuvunjika, hata kama upepo haukuongezeka. Nahodha mwenye busara hungoja maji yasimame ndipo avuke mlango.

Jambo moja likikataa, safari huahirishwa. Abiria naye anastahili kuyauliza yote matatu kabla ya kupanda.