Ufunguo wa maabara uko kwa nani, na wewe una haki gani?

Mwaka 2014 agizo la Rais Jakaya Kikwete lilifika mpaka kata za mpakani: kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na kazi iwe imekwisha ifikapo Novemba. Baadaye muda ulisogezwa hadi Juni 2015. Nchi nzima watendaji walipita kaya kwa kaya wakikusanya michango, na asiyekuwa na fedha alitoa nguvu zake kwa kubeba mawe, mchanga, tofali na maji ya kujengea. Nyabibuye, kata ya mkoa wa Kigoma iliyohama kutoka Kibondo na kuingia wilaya mpya ya Kakonko mwaka 2012, haikuachwa nje ya agizo hilo.

Tangu hapo wazazi wana swali ambalo bado lina uzito. Jengo nililolichangia, kwa nini nikifika mlangoni naambiwa siruhusiwi kuingia? Mtoto wa mzazi huyohuyo akipanda basi kupitia Nyakanazi kwenda chuo kikuu Dodoma, Morogoro, Arusha au Dar es Salaam, huko naye analiuliza kwa namna yake: ada imelipwa, mbona maabara ya utafiti imefungwa na mashine niliyoandikiwa anaitumia mtu mwingine?

Nianze na mzazi, maana jibu lake ni fupi na halifurahishi. Mchango wako haukukununulia ufunguo. Jengo la sekondari ya kata ni mali ya umma chini ya halmashauri, na chumba chenye tindikali, gesi na vioo hakiwezi kufunguliwa kama ofisi ya kijiji. Mkuu wa shule akikuzuia usiingie peke yako, yuko sahihi. Ulichokipata kwa mchango wako ni haki ya kusomewa hesabu: fedha kiasi gani zilikusanywa, zimetumika wapi, kilichobaki kiko wapi. Swali hilo lipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na ukitaka nyaraka zenyewe, nitaeleza baadaye namna ya kuziomba. Jambo la pili ni kwamba mtoto hazuiwi kufanya mazoezi ya vitendo kwa kosa la mzazi asiyechangia. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, Serikali imekataza mara kadhaa mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na Rais Magufuli alilikemea jambo hilo hadharani mwaka 2018. Mwalimu akimfungia mtoto nje ya chumba kwa deni la tofali, nenda kwa afisa elimu sekondari wa wilaya ukiwa na barua mkononi.

Chuo kikuu ndiko mambo yanakoshikana. Jengo la maabara za utafiti chuoni huwa la watu wengi kwa wakati mmoja. Kuna wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaomalizia utafiti wao, wa uzamili na uzamivu, wahadhiri, na wakati mwingine kampuni au taasisi ya nje iliyolipia kupimiwa sampuli zake. Mashine moja inaweza kugombewa na idara tatu. Majengo ya aina hii yanaongezeka. Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga maabara katika vyuo vikuu vya umma sehemu mbalimbali, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimo katika mpango huo kwa kampasi yake ya Kigoma. Kwa hiyo hili si suala la watu wa mbali tu.

Hakuna sheria moja ya Tanzania inayosema maabara ya chuo ifunguliwe saa ngapi. Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 7 ya 2005, inakiachia kila chuo kuwa na hati idhini yake, na chini ya hati hiyo vyombo vya chuo hutunga kanuni. Ndiyo maana utaratibu wa Sokoine si lazima ufanane na wa Dodoma au wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Jambo la kwanza la kudai, kabla ya kudai mashine, ni kanuni zenyewe kwa maandishi: nani anaruhusiwa kuingia, kwa kibali cha nani, saa ngapi, ratiba ya mashine inapangwaje, na ukizuiwa unakata rufaa wapi. Ukiambiwa "huo ndio utaratibu wetu" na hakuna karatasi, bado hujajibiwa.

Mara nyingi mlango hufungwa kwa sababu halali, na ni vizuri ukazijua usije ukapoteza nguvu kwa ugomvi usio na kichwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inasimamiwa na OSHA, wakala wa Serikali wa usalama kazini, na haikutungwa kwa waajiriwa peke yao. Inalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za mahali hapo, na mwanafunzi yumo. Kemikali zina sheria yake, Na. 3 ya 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Vifaa vyenye mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003. Kwa hiyo fundi sanifu wa maabara anapokukatalia kwa sababu hujapata mafunzo elekezi, au kwa sababu ni usiku na uko peke yako, au kwa sababu umekuja na ndala, hakuonei. Akikuruhusu kisha ukaungua, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili, na wanafunzi wengi hawautumii. Kama usalama ndio sababu ya kukuzuia, basi usalama huo ni deni la chuo kwako. Chuo kinachokutaka upate mafunzo kabla ya kugusa mashine kina wajibu wa kuyatoa mafunzo hayo, na kwa wakati unaofaa, siyo wiki moja kabla ya kuwasilisha tasnifu. Una haki ya kuelezwa hatari ya kemikali unayopewa. Chupa isiyo na lebo usiifungue, hata kama msimamizi wako anasema anaijua kwa harufu. Uliza kabati la kufyonza mvuke kama linafanya kazi, bomba la kuoshea macho liko wapi, na mlango wa dharura kama haukufungwa kwa kufuli. Yasipokuwepo, andika kwa fundi sanifu na nakala kwa mkuu wa idara, ubaki na nakala yako yenye tarehe. Barua ya mistari minne iliyoandikwa kabla ya ajali ina uzito kuliko kurasa kumi zitakazoandikwa baada yake. Mwanafunzi mwenye ulemavu asikubali kuambiwa jengo lilijengwa hivyo na basi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inataka majengo ya umma yafikike.

Tuseme sasa umezuiwa na sababu si usalama. Ratiba inaonyesha zamu ni yako, umepata mafunzo, barua ya msimamizi unayo, na bado jina lako linarukwa. Wengi hapo hutaja haki ya elimu katika Katiba. Ipo kweli, Ibara ya 11, lakini imo katika sehemu ambayo Katiba yenyewe, kwenye Ibara ya 7, inasema masharti yake hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Ni mwongozo kwa Serikali. Silaha yako kali zaidi ni Ibara ya 13: usawa mbele ya sheria, na kwenye ibara ndogo ya 6(a), haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, pamoja na haki ya kukata rufaa. Anayefungiwa maabara kwa muhula mzima kwa tuhuma ya kuvunja kifaa, bila kuitwa kujieleza, ana hoja nzito kuliko anayelalamika kwamba elimu ni haki ya kila mtu.

Vifaa vikivunjika mambo huharibika haraka. Vyuo vingi huchukua fedha ya tahadhari mwanafunzi anapojisajili, na kukata humo gharama za uharibifu. Kukata si kosa. Kosa ni kukata bila kuonyesha ni kifaa gani, kilivunjika lini, nani alikuwa amesaini kukitumia, na gharama imepatikanaje. Kitabu cha kusaini matumizi ya mashine ni ushahidi wako kama kilivyo wa chuo. Kabla ya kuanza kazi, kagua kifaa na uandike hali uliyokikuta nayo. Ukikuta kimepasuka ukanyamaza kwa kuona aibu, jina lako ndilo la mwisho kitabuni, na deni linaweza kukufuata mpaka kwenye fomu za kumalizia chuo. Vivyo hivyo kwa malipo ya kutumia mashine: yakiwa halali yatakuwa na kiwango kilichoandikwa na namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Anayekutaka umtumie kwa simu yake binafsi ili akupangie zamu anaomba rushwa.

Nami sitaki kulipita suala la rushwa ya ngono kwa haraka, kwa sababu maabara ya pamoja ina mazingira yanayolirahisisha. Ufunguo uko kwa mtu mmoja, mashine ni chache, kazi inaingia usiku, na msichana aliyetoka kijijini anaogopa kurudi nyumbani bila shahada. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, kinasema wazi kwamba mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe haki au upendeleo wowote anatenda kosa la jinai. Si utovu wa nidhamu wa kumalizwa kwa kikao cha idara. Usijibishane naye, tunza ujumbe wa simu, na uwasiliane na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo haina malipo. Nenda kabla ya kukutana naye mahali anapopataka, ili wao ndio wapange namna ya kumnasa.

Kuna maabara nyingine ambayo mtu wa Nyabibuye huenda asiione kamwe, lakini damu yake iko ndani. Watafiti hufika vijijini kuchukua damu, makohozi, udongo, majani ya muhogo wenye batobato au michirizi ya kahawia, na sampuli huenda kwenye majengo hayohayo ya chuo. Hapa haki zako ni pana kuliko za mlangoni. Utafiti wa afya unaohusisha watu unahitaji idhini ya kimaadili, ambayo kitaifa hutolewa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua zake hupitia mkoa, wilaya, kisha kijiji. Lakini ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji ni ya kuingia kijijini tu. Kuingia kwenye mshipa wako ni ruhusa yako. Usomewe fomu kwa Kiswahili, na kama mzee wako anaelewa Kiha pekee, afafanuliwe kwa Kiha. Unaweza kukataa, na unaweza kukubali leo ukajitoa kesho, bila kunyimwa matibabu zahanati. Mtoto chini ya miaka 18 huombewa ridhaa kwa mzazi au mlezi, na naye akiwa na umri wa kuelewa huulizwa.

Uliza mambo matatu tu kabla ya kukunja mkono wa shati: sampuli yangu itahifadhiwa wapi, itatoka nje ya nchi au la, na majibu nitayapataje. Tangu Mei 2023 kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya na za vinasaba kuwa nyeti, na kukupa haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kutaka kisahihishwe. Majani ya muhogo hayana ulinzi huo. Mkulima anayetaka majibu ya shamba lake ayaombe wakati anatoa ruhusa, yaandikwe kwenye makubaliano, kwa sababu gari likishaondoka huna cha kulishikia.

Njia ya kuomba nyaraka ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Inagusa halmashauri, vyuo vya umma, na hata taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma. Andika barua kwa afisa habari wa taasisi, taja hati unayotaka: kanuni za maabara, ratiba ya mashine, hesabu za michango ya ujenzi. Wana siku 30 kukujibu. Ukikataliwa, omba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi huo, kisha Waziri. Sheria hii imempa haki raia. Jirani aliyevuka kutoka Burundi hawezi kuitumia, ingawa kuhusu damu yake ana haki ya kuombwa ridhaa kama wewe.

Mwanafunzi aliyezuiwa aanze ndani ya chuo: msimamizi, mkuu wa idara, amidi au rasi wa ndaki, mshauri wa wanafunzi, kisha Makamu Mkuu wa Chuo, kila hatua kwa barua. Serikali ya wanafunzi ishirikishwe mapema, ingawa isikuandikie barua ya matusi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo. Mahakama Kuu inaweza kuupitia uamuzi wa chuo cha umma, lakini maombi ya kibali cha kufungua shauri hilo hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na jaji atataka kuona kwamba ngazi za ndani ulizipanda. Asiye na uwezo wa wakili aulize wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Hawamtozi mtu, na ile barua ya kuomba nyaraka wanaweza kukuandikia mchana mmoja.