Kungoja Bila Kuumwa Tumbo

Saa kumi na mbili na robo jioni, mwezi wa Ramadhani, Tanga. Muhogo wa nazi umeshaipuliwa, kaimati zimeshatiwa shira, tende zimepangwa sahanini na nzi anafukuzwa kwa upindo wa kanga. Watoto wamekaa mkekani wanaitazama saa ya ukutani. Hawajala tangu daku, lakini ukiwaangalia nyusoni huoni taabu, unaona watu wanaochekeana. Mpe njaa hiyohiyo mtu asiyejua atakula nini wala lini, uone atakavyokuwa. Tumbo ni tupu kwa wote wawili, ila hawa wanaijua dakika ya adhana.

Mwezi huohuo una kinyume chake. Usiku wa kuamkia siku ya thelathini, mama mwenye nyumba hajui akaange visheti vya Idi au aandae daku. Simu zinapigwa Pemba, Mombasa, Lamu: mwezi umeonekana? Bado? Wote wameshafuturu, hakuna mwenye njaa, na bado nyumba haikaliki.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Alikosolewa sana kwa kudai kwamba wakati ujao wa mbali haumo katika fikra za Mwafrika, na mimi nimo kundini mwa wakosoaji: lugha yenye kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo haijaipa kesho mgongo. (Mkorofi atanijibu kwamba mtondogoo ni siku ya nne tu. Haya.) Lakini jambo moja Mbiti alilipatia. Sasa yake ina tumbo pana, imemeza na yale yaliyo mbioni kutokea. Ndivyo tunavyoishi. Jambo ambalo halijafika limeshaingia ndani, limekaa sebuleni, linakula nasi. Kulitoa huwezi. Unaweza kulipangia mahali pa kukaa na saa ya kusikilizwa, na hilo linafundishika, ingawa sisi tumezoea kumwambia mtu “subiri” tukaondoka, kana kwamba kusubiri ni kazi isiyohitaji ufundi.

Anza na saa. Miaka michache iliyopita nilikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa shingoni, kikapelekwa maabara. Nikaambiwa, “Majibu yakitoka tutakupigia.” Hilo “yakitoka” lilinitafuna wiki tatu. Simu ikilia nashtuka, isipolia nashtuka zaidi. Nilipokwenda mwenyewe kuuliza, kumbe majibu yalikuwa yamelala mezani tangu wiki ya kwanza, na uvimbe haukuwa na ubaya wowote. Waliosahau kupiga walinikera, lakini nilijikera zaidi mwenyewe, niliyeaga pale bila kuuliza. Siku hizi siondoki kwenye dirisha la ofisi yoyote, iwe ya viza, ya mkopo au ya hospitali, bila maswali matatu: lini hasa, nimuulize nani, na siku hiyo ikipita kimya nifanye nini? Swali la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloleta usingizi. Hata ukipewa tarehe ya mbali, ipokee. Mwezi mmoja wenye tarehe ni mwepesi kuliko wiki mbili zisizo na tarehe.

Hili si hisia zangu tu. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilowafanyia watu 45. Ulikuwa mchezo wa kompyuta: unabashiri kama chini ya jiwe pana nyoka au hapana, kisha jiwe linafunuliwa, na nyoka akiwapo unapigwa shoti mkononi, shoti ya kweli yenye kuuma. Wakapima jasho na mboni za macho. Aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa alikuwa ametulia kuliko aliyekuwa na nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo ukimwona ndugu yako anasema “heri waniambie tu vibaya nijue moja,” usimwite mkosa imani. Mwili wake unasema kweli.

Na kama jambo baya haliepukiki, lisogeze karibu. Katika jaribio jingine, la Marekani mwaka 2006, wapo waliochagua shoti kali zaidi mradi ije mapema, wasikae wakiisubiri iliyo ndogo. Jino la kung'olewa lichukulie miadi ya asubuhi ya kwanza, usiipeleke alasiri ukalipa bei ya siku nzima. Mwenye nyumba wa kuambiwa kwamba kodi imechelewa, aambiwe kabla ya chai.

Sasa matokeo ya kidato cha nne, maana hapo ndipo familia nyingi za Tanzania zinapougua. Mtihani unafanyika Novemba, matokeo kwa kawaida hutoka Januari, mwishoni mwishoni. Katikati hapo mtoto yuko nyumbani, hana daftari wala kengele, na tarehe kamili haijulikani. Kundi la WhatsApp la darasa linalipuka kila baada ya siku mbili: yametoka! Hayajatoka. Nilimpokea mpwa wangu katika hali hiyo, amekonda, simu haimtoki mkononi hata msalani.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kumnyang'anya kazi ya ulinzi. Dada yake mkubwa, mwenye moyo wa jiwe, akateuliwa kuwa mtu pekee wa kuchungulia, mara moja kwa siku, saa nane mchana. Kundi la darasa likazimwa sauti. Siku mbili za mwanzo kijana alizunguka kama kuku aliyefungwa kamba, ya tatu akazoea. Mtu huacha kutazama mlangoni akishajua yuko anayetazama kwa niaba yake.

Pili, tuliandika karatasi. Si ya kuota, ni ya hesabu. Upande mmoja: akipata nafasi ya kidato cha tano, nauli ya kwenda shule, godoro, sanduku, nani anatoa nini. Upande wa pili: asipopata, vyuo gani vya kati vinachukua daraja la nne, ada zake, fomu zinatoka lini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mama yake hakutaka kuziona: sifuri, na gharama ya kurisiti. Mama alisema tunajiitia mkosi. Nikamwambia, dada yangu, mkosi hauji kwa kuandikwa. Ukija utakuta tumeshajua ada ni kiasi gani. Karatasi ilikunjwa ikawekwa ndani ya Msahafu, na ubishi ukaishia hapo. Ukitaka kuiga hili, kumbuka kuweka majina, fedha na tarehe. “Tutaona mbele ya safari” si mpango.

Tatu, wasiwasi alipewa zamu. Mbinu hii si yangu: Thomas Borkovec na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, waliieleza mwaka 1983. Unachagua nusu saa, saa ileile kila siku, mahali palepale, wala pasiwe kitandani. Hofu ikikujia asubuhi unaiambia, wewe njoo saa kumi na moja. Saa kumi na moja unaikalia, unahofu kwa bidii. Mpwa wangu alichagua baraza la nyuma, juu ya kinu kilichopinduliwa. Wiki ya pili alikuwa akimaliza dakika kumi tu anachoka, anakwenda kucheza mpira.

Lakini kilichomwokoa hasa ni gereji. Alipelekwa kwa fundi pikipiki wa mtaa wa pili, kukaa tu, kushika spana. Kwa mtu anayengoja, televisheni haisaidii kitu: macho yanatazama, akili inatembea. Kinachotakiwa ni kazi inayokamata mikono na macho pamoja, ngumu kidogo kuliko uwezo wako, inayoonyesha mara moja kama umekosea. Kusuka ukili. Kudarizi kofia, ambapo tundu moja likikosewa safu nzima inapinda. Kusafisha kabureta. Kate Sweeny na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, wamewafuatilia wahitimu wa sheria wanaofanya mtihani wa uwakili Julai na kupata matokeo Novemba, miezi minne mizima. Mbinu nyingi za kujituliza hazikuwasaidia kitu, ila waliozama kwenye shughuli kiasi cha kusahau saa, muda wao ulipita vizuri zaidi.

Na hapa nisikudanganye. Watafiti hao waliona pia kwamba waliongoja kwa taabu, wakihofu na kutabiri mabaya, ndio waliozipokea habari vizuri zaidi zilipokuja: mbaya ziliwakuta wamejiandaa, njema ziliwarusha juu. Kwa hiyo usitafute utulivu wa maji ya mtungini. Tafuta hofu inayokuachia nafasi ya kula na kulala. Kijana alipata daraja la tatu; dada yake alimpelekea habari gerejini, akasema “sawa,” akamalizia kufunga cheni kwanza. Alilia baadaye, usiku, kwa furaha au kwa uchovu, sijui.

Kwa mambo mazuri, geuza kila kitu juu chini. Mwaka 1987 George Loewenstein aliwauliza wanafunzi wangelipa kiasi gani kwa busu la nyota wa sinema wanayempenda. Busu la baada ya siku tatu lilithaminiwa kuliko la papo hapo. Na utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010, uliohusisha watu zaidi ya 1,500, ulikuta kwamba kabla ya safari, wanaokwenda likizo wana furaha kuliko wasiokwenda. Wakisharudi, wengi wao hawatofautiani na waliobaki nyumbani. Sehemu kubwa ya utamu ilikuwa imeshaliwa kabla ya kupanda basi. Kwa hiyo tangaza tarehe mapema. Nunua tiketi kabla ya wakati, iweke mahali inapoonekana.

Kuna kitu kinaniudhi katika mtindo huu wa siku hizi wa kushtukizana. Mjukuu anatoka Muscat au Dar es Salaam, anatokea kwa bibi yake bila taarifa, simu mkononi anarekodi bibi akipiga mayowe. Watu wanafurahi, video inazunguka. Mimi naona bibi ameibiwa. Angejua wiki mbili kabla, angefagia uani kila asubuhi akimfikiria, angewapitia majirani mmoja mmoja kuwapa habari, angekuwa na sababu ya kukataa kumuuza yule jogoo mwekundu. Umempa dakika tano ukamnyima siku kumi na nne.

Mpigie leo. Mwambie siku na basi utakalopanda, na kwamba ungependa wali wa nazi.