SOMO LA CHAMA: Tovuti Ipo, Wasomaji Wako Wapi?



Matawi ya viwandani na ya mashambani yametuuliza swali moja. Chama kimefungua tovuti, mikataba tuliyotia sahihi na waajiri imewekwa humo pamoja na viwango vya mishahara na fomu ya malalamiko. Mbona wanaoifungua ni wachache? Swali hili ni la haki. Mfanyakazi asiyejua mkataba wake unasema nini hukatwa mshahara akadhani ndiyo sheria.

Tovuti ni kama ofisi iliyojengwa mbali na barabara. Hata iwe nzuri namna gani, bila njia hakuna atakayefika. Njia zenyewe ni yale makundi ambayo wafanyakazi wamo tayari katika simu zao: kundi la zamu, la akiba, la mazishi, la kwaya, la watu waliotoka kijiji kimoja.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Septemba 1995 wafanyakazi wa bandari ya Liverpool wapatao 500 walifukuzwa kazi kwa kukataa kuvuka mstari wa wenzao wagomaji. Magazeti makubwa hayakuwajali sana. Marafiki zao wakaweka habari za mgomo kwenye intaneti, katika tovuti ya LabourNet, wakati ambapo watu wengi hawajawahi kuona kompyuta. Tarehe 20 Januari 1997 wafanyakazi wa bandari za nchi nyingi waliwaunga mkono, na bandari za pwani ya magharibi ya Marekani zikasimama kwa saa nane. Walisomwa kwa sababu gani? Kwa sababu wawakilishi wao walisafiri bandari hadi bandari wakafahamiana na wenzao. Kwanza udugu, ndipo kurasa zikapata wasomaji. Hatufichi kwamba mgomo uliisha Januari 1998 bila watu hao kurudishwa kazini, lakini habari yao haikuzimwa.

Sasa turudi kwetu. Tumeona mara nyingi mtu anaingia katika kundi, anatupa linki bila hata salamu, anaondoka. Nani ataifungua? Siku hizi watu wanaogopa linki, na wana haki, maana matapeli wamejaa. Anayefunguliwa ni yule anayejulikana. Mwakilishi wa tawi awe mwanakundi wa kweli: atoe pole panapo msiba, achange panapo mchango, ajibu anapoulizwa.

Kisha asubiri swali. Mwenzetu akiuliza, "Jamani, wameniweka zamu ya usiku wiki tatu, posho sioni, ni halali?" hapo ndipo pa kusema. Mjibu kwanza, kwa maneno mawili matatu: mkataba unasema hivi, kifungu fulani. Baadaye weka linki ya ukurasa ule ule wenye kifungu hicho. Usimpeleke kwenye ukurasa wa mbele aanze kutafuta, bando lake litakwisha njiani. Hapa Uganda tunajua uchungu wa bando: Julai 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kwa hiyo kurasa zetu ziwe za maandishi, picha chache.

Jambo jingine ni hili la kusambaza. Tangu 2019 WhatsApp hairuhusu ujumbe kupelekwa mbele kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na tangu 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huenda kwa mmoja tu. Basi tusitegemee ujumbe mmoja kuzunguka nchi nzima. Kila tawi liandike maneno yake, kwa lugha ya watu wake. Wachuma chai wana yao, mafundi wa mitambo wana yao.

Lakini tahadhari! Katika kundi, namba yako inaonekana na wote, na msimamizi wa kazi huenda yumo anasoma kimya kimya. Usitaje jina la mlalamikaji. Malalamiko yapelekwe kwa mwakilishi, uso kwa uso.

Wengine wanasema tuache tovuti, tubaki na Facebook tu, ni rahisi. Hatukubali. Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilifunga mitandao ya kijamii hapa Uganda. Mingine ilirudi upesi, Facebook ikabaki imefungwa miaka na miaka. Waliokuwa wameweka kila kitu humo walipotezana na wasomaji wao. Mitandao ni barabara za watu wengine, wanaweza kuziba wakati wowote. Mikataba yetu ikae nyumbani kwetu.

Kazi ya tawi kabla ya mkutano ujao: andikeni makundi yote ambayo wanachama wenu wamo, na katika kila moja mtajeni ndugu mmoja au dada mmoja anayeaminiwa humo. Jadilianeni maswali yanayoulizwa sana wakati wa malipo, mtafute kurasa zinazoyajibu. Swali lisilo na ukurasa lileteni ofisini, tutauandika.