Otopailoti ya Katamarani: Anza na Mota, Kioo Baadaye

Katamarani za Leopard huundwa Cape Town na kampuni ya Robertson and Caine, na nyingi huenda kwa wateja wa Karibi kwa matanga yake yenyewe. Ni zaidi ya maili 5,000 za baharini, na kituo cha kawaida njiani ni kisiwa cha Saint Helena. Mabaharia huwa wachache. Wanapika, wanalala kwa zamu, wanapunguza tanga na kuliongeza, lakini anayeshika usukani karibu safari nzima ni otopailoti. Ikifa katikati ya Atlantiki, kila mmoja atasimama kwenye gurudumu saa kadhaa kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka nchi kavu ionekane.

Kwa hiyo otopailoti huchaguliwa kwa kuufikiria usiku mbaya kuliko yote ya safari. Katalogi za maduka haziusemi usiku huo. Zinaonyesha kioo kizuri chenye rangi, na mnunuzi mgeni huanza kulinganisha vioo. Nyuma ya kioo kuna dira ya elektroniki inayosoma omo inaelekea wapi, kompyuta inayopiga hesabu, na mota inayougeuza usukani. Raymarine, B&G na Garmin wote wanauza kompyuta nzuri. Ukishakuwa na vyombo vya kampuni moja ndani ya boti, baki nayo ili visomane bila taabu. Fedha zako zipeleke kwenye mota.

Mota hupimwa kwa uzito wa boti, na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi za kiwanda ni wa boti tupu. Jaza maji, dizeli, nanga na mnyororo wake, boti ndogo ya mpira, jenereta, vyakula vya mwezi mzima na vitabu vya watoto, halafu ongeza asilimia 20. Katamarani ya futi 45 yenye tani 15 bandarini inakuwa na tani 18 safarini. Kwa mizani ya Raymarine, mota ya kugeuza gurudumu inaishia tani 7.5, mkono wa kusukuma wa daraja la kwanza unaishia tani 11, na wa daraja la pili, ule mrefu, unafika tani 20. Boti yetu ya tani 18 haina mjadala. Hata ingekuwa ya tani 10, mimi ningechukua daraja la pili, kwa sababu mota inayofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake huchemka, na katamarani inayoteleza mbele ya wimbi inadai usukani ugeuke upesi na kwa nguvu.

Mahali pa kuifunga ni muhimu kuliko jina lake. Katamarani ina sukani mbili, moja kwenye kila bodi, zilizounganishwa kwa ufito wa chuma. Ikiwa gurudumu linavuta kwa waya, mkono wa otopailoti ufungwe moja kwa moja kwenye mhimili wa usukani, chini ya sitaha, wala usipitie gurudumu. Waya wa gurudumu ukikatika, na hukatika, otopailoti inaendelea kuongoza boti kama kwamba hakuna kilichotokea. Mkono huo husukuma kwa nguvu ya mamia ya kilo, kwa hiyo ukuta unaoubeba uongezewe tabaka za faibaglasi, na boliti zipite mpaka upande wa pili zikapokewe na bamba nene. Skrubu za mbao hazina kazi hapo. Kisha geuza usukani kwa mkono mpaka mwisho, kulia na kushoto, huku mwenzako akiwa ameinama na tochi: vizuizi vya usukani vigonge kwanza, kabla mkono haujafika mwisho wa urefu wake. Ukiuona mkono unatangulia kugota, sogeza mahali ulipofungwa, la sivyo wimbi la kwanza kubwa la nyuma litaupasua.

Umeme nao una hesabu yake, na hesabu yenyewe ni ya darasani. Betri za katamarani mara nyingi ziko katikati ya boti na mota iko tezini, hivyo mita 10 za waya kwenda na 10 kurudi si ajabu. Waya wa milimita 6 za mraba, mota ikivuta ampea 20, unapoteza zaidi kidogo ya volti 1 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu sehemu ya kumi, na inapotea wakati uleule mota inapohitaji nguvu zaidi. Waya wa milimita 16 unapoteza chini ya nusu volti. Matumizi ya wastani ni madogo: ampea 4 hivi kwa boti ya ukubwa huu, yaani karibu ampea-saa 96 kwa siku. Lakini ukiwa na betri za risasi za ampea-saa 200, ambazo hazifai kushushwa chini ya nusu, otopailoti peke yake imezimaliza kabla hujawasha friji.

Dira ya elektroniki ni mnyonge wa chuma na sumaku. Spika za muziki, mota ya kuvutia nanga, sanduku la spana, hata kabati la vyakula vya makopo vinaipotosha. Iwekwe chini, karibu na katikati ya boti, mita moja au zaidi kutoka kwa vitu hivyo. Kipimo chake ni rahisi: boti ikiwa imefungwa gatini, washa kifaa kimoja baada ya kingine na uangalie namba ya dira. Ikiruka digrii 5 kila friji inapowaka, umempata mchawi, na mara nyingi ni waya mnene wa betri uliopita nyuma ya ubao.

Baada ya hapo ndipo unatoka kwenda baharini, siku ya maji matulivu. Zungusha boti duara la polepole ili dira ijifunze sumaku ya boti yenyewe, kila duara lichukue dakika 2 au zaidi. Kisha, kwa mwendo wa kawaida wa safari, iamuru igeuke digrii 40. Igeuke bila kusitasita na ipitilize mwelekeo mpya kwa digrii 5, si zaidi. Ikipitiliza sana au ikiyumba huku na huku, punguza nguvu ya usukani. Ikijivuta, ongeza.

Mipangilio mingine kwenye menyu ina mzee wake. Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha hesabu za meli inayojiongoza baada ya kuwatazama washika usukani kazini, na mtambo wake ukajaribiwa kwenye manowari ya New Mexico. Aliona kwamba mshika usukani hodari haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anaangalia pia inapotoka kwa kasi gani, ili aanze kuirudisha mapema, na anakumbuka kosa linalodumu, kama vile upepo unaosukuma upande mmoja mchana kutwa. Otopailoti yako inafanya hayo matatu. Ukijua hivyo, menyu inaacha kutisha.

Hali ya kufuata upepo ndiyo inayoitofautisha katamarani na boti nyingine. Tuseme upepo halisi ni noti 20, unatoka nyuma, digrii 150 kutoka omo, nawe unakwenda noti 8. Upepo wa kuhisiwa, yaani ule unaousikia ukiwa botini, unatoka digrii 133 hivi. Wimbi likakuinua, ukateleza noti 14: sasa unausikia kutoka digrii 108, ingawa upepo wenyewe haukugeuka hata kidogo. Otopailoti iliyowekwa kufuata upepo wa kuhisiwa itakimbilia demani, boti itapungua mwendo, nayo itarudi ilikotoka. Utachora nyoka baharini usiku kucha, na tanga kuu liko hatarini kupinduka upande wa pili kwa kishindo. Ukiwa na upepo wa nyuma, weka upepo halisi. Ukienda joshi, wa kuhisiwa unafaa.

Tena jahazi hulala upande ili kukuonya kwamba tanga limezidi. Katamarani hailali. Onyo utalipata kwenye otopailoti yenyewe: usukani ukikaa umegeuzwa upande mmoja muda mrefu, tanga kuu linasukuma omo kuelekea upepo. Lipunguze, na matumizi ya umeme yatashuka papo hapo.

Beba mkono wa akiba, na mjaribu kana ya dharura mkiwa bado pwani, kwa sababu kwenye boti nyingi ni lazima kwanza kuufungua mkono wa otopailoti, na pini yake huwa imeganda kwa chumvi. Anayekuwa zamu peke yake ajifunge mkanda. Boti inayokwenda noti 8 iko karibu mita 250 mbali baada ya dakika moja, na otopailoti haijui kwamba mtu ameanguka.