Dakika 15 Kongamanoni: Ushauri kwa Wanafunzi wa Uzamivu

Ikisiri yako imekubaliwa. Liwe ni kongamano la vyama vya Kiswahili kama CHAKAMA na CHAUKIDU, au lile la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, tarajia kupewa dakika 15 hadi 20, maswali yakiwa ndani yake au baada yake. Tasnifu ina mamia ya kurasa, na wengi hujaribu kuipitisha yote katika muda huo.

Katika vikao vingi mambo huenda hivi. Dakika za mwanzo zinaishia kwenye itifaki. Kisha unafuata usuli, tamko la tatizo, malengo mahususi manne, mapitio ya maandiko, nadharia na historia ya mwasisi wake. Mwenyekiti anapoonyesha kikaratasi cha dakika mbili, mtafiti ndiyo kwanza anafungua slaidi ya matokeo. Anazikimbiza zilizobaki, anashukuru, anakaa. Watu waliosafiri kutoka Eldoret au Bujumbura wanaondoka bila kujua amegundua nini.

Mpangilio huo umetoka kwenye pendekezo la utafiti, lililoandikwa ili jopo la idara lijiridhishe kwamba unaijua njia. Wasikilizaji wa kongamano hawakuja kukutahini. Wamekuja kusikia jambo ambalo hawakulijua.

Kwa hiyo chagua tokeo moja. Tuseme umetafiti majina ya samaki katika masoko ya Kilwa na Mafia, ukaona kwamba wachuuzi vijana hutumia jina moja kwa samaki ambao wazee huwatenganisha kwa majina matatu. Hilo linatosha kikao kizima. Litaje katika dakika ya kwanza, mara tu baada ya kusema "itifaki imezingatiwa". Eleza ulizungumza na nani, wangapi, na uliwapataje. Toa mifano miwili mitatu ya data na uichambue mbele ya watu, taratibu. Nadharia ipe sentensi mbili, pale inapofanya kazi.

Tunajua ushauri huu huwatia hofu wanafunzi, maana wanadhani wataonekana hawajasoma. Usomaji wako utaonekana katika namna unavyoichambua data, na zaidi katika majibu yako.

Usisome makala neno kwa neno. Hata ukisema maneno 120 kwa dakika, dakika 15 hazizidi maneno 1,800, na makala ya jarida yenye maneno 7,000 haitaingia humo. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, saa ikiwa mbele yako, na msikilizaji mmoja awe mtu wa fani nyingine.

Maswali

Wenyeviti wengi hukusanya maswali matatu au manne kabla ya kukupa nafasi ya kujibu, kwa hiyo panda jukwaani na kalamu na karatasi. Andika swali pamoja na jina la aliyeuliza. Anza na lile linalogusa data yako moja kwa moja. Kama hujui, sema, "Nashukuru, Profesa, hilo sikulichunguza," halafu eleza data yako inaishia wapi. Hilo ni jibu kamili, na wabobezi huliheshimu kuliko maneno mengi ya kuzunguka. Msimamizi wako akiwa ukumbini, mwombe mapema asikujibie.

Vifaa

Hifadhi slaidi katika flashi na kwenye barua pepe, nakala moja iwe ya PDF ili herufi zisivurugike. Chapisha mifano ya data kwenye karatasi, kwani umeme ukikatika utaendelea nayo. Picha za watoa taarifa zionyeshwe kwa idhini yao tu. Maana siku hizi ukumbi mzima hupiga picha slaidi kwa simu.

Baada ya kikao

Usiku uleule andika hoja zote ulizopewa, hata zilizokuudhi. Aliyekutajia kitabu au kukuahidi data mwandikie ndani ya wiki moja, ukimkumbusha wewe ni nani na mlizungumza nini. Kisha keti na msimamizi wako mwamue hoja zipi ziingie katika tasnifu na zipi zisubiri, kabla hujaituma makala kwa wahariri wa jarida.